Jinsi ya kurudisha damu kwenye Mortal Kombat ya kwanza ya nyumbani

Kama umepata Mortal Kombat ya kwanza na unashangaa mbona watu wakipigwa wanarusha jasho la kijivu badala ya damu, kabla hujahangaika na chochote angalia kwanza unaichezea kwenye mashine gani, ndo kila kitu kinaanzia hapo.

Gemu yenyewe ilitoka 1992 kwenye mashine za sarafu, kazi ya Ed Boon na John Tobias pale kampuni ya Midway, wapiganaji ni watu halisi waliorekodiwa kwa kamera na damu ilikuwa inaruka kila ukishusha aperkati (ngumi ya kutoka chini kwenda juu). Tarehe 13 Septemba 1993 kampuni ya Acclaim wakaiingiza majumbani kwa mpigo mmoja, Super Nintendo, Mega Drive ya Sega (Marekani ni Genesis), Game Gear na Game Boy. Nintendo wakakataa damu, Sega wakakubali ila ifichwe nyuma ya kodi, yaani mpangilio wa siri wa vitufe.

Kama unayo ya Super Nintendo usipoteze muda kutafuta kodi, hamna. Na inauma kweli maana rangi na sauti zake ziko karibu zaidi na mashine ya sarafu kuliko za Sega, lakini unabonyeza na mpiganaji anachelewa kujibu, halafu unafika mwisho wa pambano na mpiganaji Sub-Zero, ambae kule kwenye mashine ya sarafu anang'oa kichwa na uti wa mgongo unaning'inia, huku anamgandisha mtu barafu anampasua vipande basi. Fataliti, yaani hizo mbinu za kummalizia mpinzani, ndo zilizokuwa zinajaza watu nyuma ya mchezaji, ukizitoa umetoa roho ya gemu.

Kwa hiyo tafuta ya Mega Drive, hata kama picha zake zimefifia na sauti nyingi zimekatwa. Washa, usikimbilie Start, acha utangulizi uende mpaka itokee skrini ya maandishi inayoitwa Code of Honor, hapo hapo bonyeza A, B, A, C, A, B, B. Ukiiweka sawa utasikia sauti ya mpiganaji Scorpion. Kuhakikisha, ingia pambano lolote piga aperkati, yaani shikilia chini na ngumi ya juu, damu ikiruka umemaliza. Ukizima mashine kodi inapotea, unaiweka upya kila ukiwasha.

Pedi ya kuchezea nayo ni muhimu sana. Mashine ya sarafu ina vitufe vitano, ngumi mbili, mateke mawili na bloku (ya kujikinga), sasa pedi ya Sega ya vitufe vitatu inabidi ibane vyote hivyo na utateseka, tafuta ya vitufe sita.

Fataliti mbili za kuanzia, maandishi ya Finish Him yakitokea tu: Sub-Zero msogelee kabisa mpinzani, mbele, chini, mbele, ngumi ya juu. Scorpion rudi nyuma kidogo, shikilia bloku, bonyeza juu mara mbili, anavua barakoa na kuchoma mtu.

Game Gear nayo ina kodi, kwenye maandishi yale yale bonyeza 2, 1, 2, chini, juu, ila mpiganaji Kano hayupo. Game Boy achana nayo, damu hamna, mpiganaji Johnny Cage hayupo na inajivuta sana.

Ukipata ya Sega CD ya 1994 hiyo damu ipo wazi bila kodi, ila vumilia kusubiri diski isome.

Na kama nyumbani kuna Super Nintendo tu, ruka hii ya kwanza uchukue Mortal Kombat II ya 1994, huko Nintendo walishalegeza na damu imo tangu unawasha. Ila angalia isiwe kaseti ya Japani, damu ya ile wameipaka kijani.