Chora paa kwanza, vyumba baadaye

Mteja akiniletea ramani iliyokamilika na kuniuliza paneli za sola zikae wapi, huwa naanza na madirisha. Wengi hushangaa, maana wamekuja kwa habari ya umeme. Lakini nyumba inayopokea joto mchana kutwa itadai feni, kisha kiyoyozi, na hapo hata ukijaza paneli paa zima hazitatosha. Punguza mahitaji kwanza, halafu sola ije kuyabeba yaliyobaki.

Chukua dira, uweke alama kwenye ramani jua linakochomoza na linakozama. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, fupi zibaki mashariki na magharibi. Hesabu yake ni hii: jua likiwa nyuzi 60 juu ya upeo wa macho, paa lililotokeza sentimita 70 nje ya ukuta linashusha kivuli cha mita 1.2, yaani dirisha la kawaida zima. Jua likishuka hadi nyuzi 20, kivuli kinabaki sentimita 25 tu. Ndiyo maana ukuta wa magharibi hauokolewi na paa. Uupe baraza au mti, au weka huko stoo na bafu, ambako hakuna anayekaa saa kumi jioni. Penye majira ya baridi kali, geuza mambo: dirisha kubwa litazame upande wa ikweta, lipokee jua la chini, na sakafu ya zege itunze joto hilo hadi usiku.

Weka matundu ya hewa chini upande wa upepo na mengine juu karibu na kofia ya paa, hewa moto ipate pa kutokea. Bati liwe la rangi ya kung'aa. Dari bila kizuia joto mimi siipitishi.

Sasa orodhesha vifaa: wati mara saa. Taa 10 za zamani za wati 60, zikiwaka saa 5, zinakula wati-saa 3,000. Taa za LED za wati 9 zinakula 450. Paneli ya wati 400, mahali penye wastani wa saa 5 za jua kamili kwa siku, ukiondoa robo kwa upotevu, inatoa kama 1,500. Kwa hiyo kubadili taa peke yake kumekuokolea karibu paneli mbili. Maji ya kuoga usiyachemshe kwa umeme wa betri. Weka hita ya jua.

Paa ndipo ninapogombana na wachoraji wenzangu. Wanapenda kona nyingi na vipaa vidogo vidogo, vizuri kwenye picha, lakini havina pa kulaza paneli sita kwa mpangilio. Chora upande mmoja mpana unaotazama ikweta, mwinamo ukaribie nyuzi za latitudo ya mahali. Hata ukiwa kwenye ikweta yenyewe usishuke chini ya nyuzi 10, la sivyo mvua itashindwa kusafisha vumbi. Tangi la maji, dishi na bomba la moshi viende upande wa pili. Seli, vile vipande vidogo vinavyounda paneli, zimeunganishwa kwa mfululizo, na kivuli chembamba kinaweza kuzima theluthi ya paneli.

Kati ya paneli na bati acha sentimita 10 hadi 15. Paneli hupimwa kiwandani seli zikiwa na nyuzi 25 za joto. Kila nyuzi inayozidi hapo inapunguza umeme kwa takriban asilimia 0.3 hadi 0.4. Kwa sababu hiyo sizipendi sana paneli zinazowekwa badala ya bati: zinavutia, ila hazipumui.

Mwambie fundi wa kenchi mapema. Uzito si mkubwa, kilo 12 hadi 15 kwa mita ya mraba, ila upepo unaweza kuzing'oa, kwa hiyo boliti zishike kwenye mbao, si kwenye bati pekee. Mabomba ya waya yapite ukutani kabla ya plasta. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani, ikae karibu na betri: wati 3,000 kwa volti 24 ni ampea 125, na waya mrefu hapo unapasha moto na kula umeme. Betri zipate chumba chenye kivuli na hewa, mbali na vitanda. Na juu ya paa acha njia ya kupita mtu mwenye ndoo na kitambaa.