Mifupa ya mguu na mkono kwa wanaosoma refleksolojia: wanja kwanza, epu baadaye

Kuna dada hapa Moshi anasoma refleksolojia (tiba ya kubonyeza sehemu za unyayo na mkono), daftari limejaa majina ya mifupa ila ukimpa unyayo wa mtu anapapasa tu. Tulimaliza hivi.

Hatua ya 1: Mifupa mirefu. Mkononi humerasi (mkono wa juu), halafu radiasi upande wa kidole gumba na alna upande wa kidole kidogo. Mguuni femuri (paja), tibia (muundi), fibula kwa nje, na patela ya gotini, ingawa yenyewe si ndefu. Twende.

Hatua ya 2: Vidole. Kila mguu vipande 14, kidole gumba 2, vingine 3 3. Nyuma yake metatasali 5, unahesabu kuanzia kidole gumba. Mkononi hivyo hivyo, jina tu linakuwa metakapali.

Hatua ya 3: Katikati ya unyayo. Hapa ndo watu wanaliaga. Mifupa ni 7 na epu za simu hazisaidii kivile, zinakuonyesha mguu usio na nyama, wakati mteja wako ana nyama. Nunua wanja wa penseli (sio maka pen, haitoki!) uchore kwenye mguu wa mtu. Anzia kifundo cha ndani, shuka kwa mshazari kuelekea vidoleni, utakutana na kinundu, hiyo navikula. Hukipati? Mwambie ageuze unyayo kwa ndani huku unamzuia, utasikia mshipa (kano, sio wa damu) umekaza, ufuate unakupeleka pale pale. Mbele ya navikula kuna kuneifomu 3, ya katikati ni fupi ndo maana metatasali ya 2 imeingia nyuma kuliko jirani zake, kwa hiyo usichore mstari ulionyooka. Sasa hamia nje: kinundu cha katikati ya ukingo ni kitako cha metatasali ya 5, nyuma yake kuboidi. Kishike vizuri hicho kinundu, ramani nyingi za refleksolojia zinapitisha hapo mstari unaowakilisha kiuno cha mwili. Zilizobaki ni talasi chini ya tibia, na kalkaneasi, yaani kisigino.

Miguu ya mazoezi Moshi haikosekani, wagumu (wapagazi wa Kilimanjaro) wakishuka mlimani wanakupa kwa roho safi. Ila kifundo kimevimba na hawezi kukikanyagia, usiguse, akapige eksirei. Na kongoro la supu halifai kujifunzia, ng'ombe anakanyagia vidole viwili tu.

Hatua ya 4: Jifunge kanga machoni, mwenzio ataje mfupa, wewe uguse. Ukikosea kuneifomu, futa wanja, chora upya.