Bango la herufi tupu: majina ya mitaa ya Dodoma, na ile ritifaa ya Chang’ombe

Mdogo wangu anasomea usanifu. Alipewa zoezi la bango la A3: herufi tupu, bila picha wala mchoro. Akachagua majina ya maeneo ya Dodoma. Mambo yalienda vizuri mpaka tulipofika Chang’ombe, kwenye ritifaa, ile alama ndogo (’) kati ya g na o.

Hatua ya 1: Neno
Kizota, Makole, Ihumwa, Nzuguni. Chagua moja, mawili yakizidi.

Hatua ya 2: Programu
Inkscape. Ni ya bure na hata kompyuta ya kawaida inaimudu. Najua wengi mna Photoshop za kuchakachua; kwa kazi ya herufi mimi sizitaki. Ukurasa uwe milimita 297 kwa 420. Acha milimita 10 kila upande, maana printa nyingi za steshenari hazichapi hadi ukingoni.

Hatua ya 3: Fonti
Fonti ni sura ya herufi. Tumia moja tu. Ukitaka utofauti, changanya nene na nyembamba za familia ileile. Mimi napenda Montserrat, ipo bure Google Fonts. Julieta Ulanovsky wa Argentina aliichora kutokana na mabango ya zamani ya mtaa wa Montserrat, Buenos Aires. Nawe kabla ya kupakua chochote, pita Soko la Majengo upige picha vibao vilivyoandikwa kwa brashi.

Hatua ya 4: Ritifaa
Hapa ndipo muda unapoliwa. Kibodi inakupa kijiti kilichonyooka ('). Kwenye meseji hakuna anayejali, ila kwenye bango kinaonekana kama msumari uliosahaulika ukutani. Word hukigeuza yenyewe kiwe na mkia, Inkscape haigeuzi. Na ile alama iliyo chini ya Esc (`) iache kabisa, imelalia upande usio wake.

Bofya kwenye neno, bonyeza Ctrl+U, andika 2019, kisha Enter. (Hiyo ni namba ya alama, si mwaka.) Ikitokea ritifaa yenye sura tofauti na herufi jirani, ujue fonti yako haina, programu imeazima kwingine. Badilisha fonti. Usijidanganye kwamba mwalimu hataona.

Bado nafasi. Kwenye CHANG’OMBE, ritifaa inaning’inia juu kati ya G na O, chini yake panabaki shimo, na jicho linasoma CHANG halafu OMBE. Weka kasa (kile kijiti kinachomemeta unapoandika) baada ya ritifaa, shika Alt ubonyeze mshale wa kushoto mpaka O isogee chini ya mkia. Kuza kwanza: kadiri ulivyokuza, ndivyo herufi inavyosogea kidogokidogo. Nafasi ya jumla ya neno zima ipange kabla ya hapo, la sivyo utarudia kila kitu.

Ng’hong’onha ndiyo kiboko. Kwa herufi ndogo, ritifaa ya kwanza inagongana na mguu mrefu wa h, ya pili inakaa kwa raha juu ya o. Ukizipa nafasi sawa kwa rula, ya kwanza itaonekana imebanwa. Iongezee, uamini macho.

Ukivunja neno, fuata silabi: CHA, NG’O, MBE, mistari mitatu. Ritifaa isianze mstari wala isiumalize. Mdogo wangu alivunja hivyo, na kwa maoni yangu ndilo bango bora alilotoa.

Hatua ya 5: Rangi
Mbili, karatasi ikiwemo.

Hatua ya 6: Kuchapa
Hifadhi nakala ya kuhariri. Kwenye nakala nyingine chagua vyote, bonyeza Shift+Ctrl+C ili maandishi yawe maumbo, kisha toa PDF. Usiporuka hapa, kompyuta ya steshenari isiyo na fonti yako haitaweza kukubadilishia herufi. Mwambie fundi achape kwa asilimia 100, asiruhusu printa ipunguze ukubwa. Weka pia PNG (faili la picha) ya dpi 300, yaani nukta 300 kwa inchi, kwenye flashi, pikseli 3508 kwa 4961, PDF ikigoma kufunguka.