Kutathmini tishio la mafuriko katika kitongoji cha Bagamoyo

Tathmini ya mafuriko hujibu maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni nani na nini vipo mahali ambapo maji yatafika; la pili ni nani kati ya hao ataumia zaidi, na kwa sababu gani. Nyumba mbili zinaweza kupakana na kuingiwa na maji ya kimo kimoja, lakini ile ya tofali za saruji ikapigwa deki na kukaliwa tena, na ile ya udongo na fito ikabomoka maji yakiwa yameshaondoka. Kwa sababu hiyo, majibu ya maswali hayo yaandikwe katika safu tofauti tangu mwanzo.

Anza kwa kujua maji yanatoka wapi. Bagamoyo hupata maji ya mvua inayonyesha papo hapo, maji ya Mto Ruvu unaoanzia milima ya Uluguru, na maji ya bahari wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mvua kubwa ya Uluguru inaweza kuufurisha mto huku mjini jua likiwaka, hivyo haitoshi kumuuliza mtu ni lini mvua ilinyesha kwake. Hali mbaya kuliko zote ni mvua ya masika kukutana na bamvua, kwa kuwa bahari ikiwa imejaa, mifereji inayoteremka pwani hukosa mahali pa kumwaga maji. Weka kalenda ya bamvua karibu na daftari lako.

Baada ya kujitambulisha kwa mwenyekiti na mtendaji, tembea na watu wanaoyafahamu maji kwa kazi zao: wavuvi, wafanyakazi wa mashamba ya chumvi, na wakulima wa mpunga wa bonde la Ruvu. Wakumbushe misimu inayojulikana, kama mvua za El Nino za 1997/98 na zile za 2023/24, kisha waombe wakuonyeshe maji yalipofika badala ya kukueleza tu. Hapa panahitaji jicho makini, kwa sababu kuta za pwani hupandisha unyevu na chumvi kutoka ardhini, na doa hilo hufanana na alama ya mafuriko. Doa la unyevu hupanda na kushuka bila mpangilio, tena huishia ukutani. Alama ya mafuriko hunyooka kwa kimo kimoja kupita ukuta, fremu na mlango, na mara nyingi huacha tope laini katika bawaba.

Ukipata alama moja ya kuaminika, ihamishie nyumba za jirani kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, kama wafanyavyo mafundi waashi. Mmoja ashike ncha moja kwenye alama, mwingine asogeze ncha ya pili mpaka maji yatulie, kisha apime kwa futi kutoka hapo hadi sakafuni. Kwa eneo tambarare njia hii ni bora kuliko ramani za kimo za setilaiti zinazopatikana bure, ambazo zinaweza kukosea kwa mita kadhaa, ilhali nusu mita ndiyo inayotenganisha nyumba iliyolowa na iliyosalimika. Pima pia choo cha shimo na kisima kifupi kilicho karibu nacho, kwani maji yakivifikia vyote viwili, kipindupindu huwa tishio hata kwa walio kwenye mwinuko.

Udhaifu, yaani jibu la swali la pili, hauonekani kwa kutazama paa. Katika kila kaya, uliza hivi: "Mkiambiwa saa nne usiku mwondoke, mtamtoa nani kwanza, mtapita njia gani, na mtalala kwa nani?" Jibu litakuonyesha bibi asiyeweza kutembea, daraja la miti ambalo halitapitika, au mpangaji mgeni asiye na ndugu mjini. Mpangaji husahaulika sana, kwa maana mwenye nyumba ndiye anayeitwa mkutanoni, naye huenda anaishi mbali na maji. Uliza pia riziki ya kaya hutegemea nini: mwenye mtumbwi na nyavu anaweza kuwa na nyumba imara na bado akabaki mikono mitupu.

Ipe kila kaya alama ya 1 (ndogo) hadi 3 (kubwa) kwa kila moja ya yale maswali mawili ya mwanzo, lakini usizijumlishe. Kaya yenye 3 kwa swali la kwanza na 1 kwa la pili inahitaji tuta au mfereji. Yenye 1 na 3 inahitaji mtu wa kuigongea mlango mapema, ijapokuwa jumla zao ni sawa. Majina na hali za kiafya zibaki katika daftari, zisiwekwe kwenye ramani ya kubandikwa.

Ukipita ufukweni, angalia pia mmomonyoko na upepo. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilionyesha kuwa pwani yetu haiko nje ya njia ya vimbunga. Nakala ya kazi hii ipelekwe kwenye kamati ya maafa ya kijiji au mtaa, ikieleza ni milango ipi itakayogongwa kwanza Mamlaka ya Hali ya Hewa itakapotoa tahadhari, na irekebishwe kila masika yanapokwisha, alama zikiwa bado mbichi ukutani.