Kuonyesha Kompyuta ya Chumbani kwenye Runinga ya Sebuleni bila Waya na kwa Gharama Ndogo

Nyumba nyingi zina kompyuta katika chumba kimoja na runinga kubwa katika chumba kingine, na wenye nyumba wangependa kinachoonekana kwenye ile kompyuta kionekane pia kwenye runinga bila kutoboa ukuta wala kutandaza waya sakafuni. Jambo hilo linawezekana, na mara nyingi linawezekana bila kununua kitu chochote kipya. Linahitaji utaratibu tu, kwa kuwa anayekimbilia dukani kabla ya kuujua ukuta wake na mtandao wake huishia kumiliki kifaa kinachofanya kazi vizuri kikiwa karibu na kompyuta, kisha kinakwama kikihamishiwa sebuleni.

Ni vyema kuelewa kwanza mzigo unaosafirishwa. Picha ya nukta 1920 kwa 1080 inayochorwa upya mara 60 kila sekunde ni takriban biti bilioni 3 kwa sekunde. Waya wa HDMI, ule unaopeleka picha na sauti kutoka kompyuta hadi runinga, huubeba mzigo huo bila taabu, lakini Wi-Fi ya kawaida ya nyumbani haiuwezi. Kwa hiyo, karibu njia zote za bei nafuu huibana picha hadi ibaki megabiti 10 au 20 hivi kwa sekunde, huirusha hewani, kisha kifaa cha upande wa pili huifungua na kuionyesha. Kubana na kufungua huchukua muda, na ndiyo sababu mshale wa kipanya huonekana ukifuata mkono kwa kuchelewa. Mtu anayetaka kutazama video au kuonyesha slaidi hatajali kuchelewa huko, ila anayetaka kuandika barua au kucheza mchezo atachoka upesi. Amua mapema wewe ni yupi kati ya hao, kwa sababu njia ya kufuata inategemea jibu hilo.

Baada ya hapo, chunguza ukuta. Wi-Fi husafiri kwa masafa tofauti ya mawimbi: masafa ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini hudhoofika haraka yanapokutana na kuta, na masafa ya gigahezi 2.4 hupenya vizuri zaidi lakini yana msongamano, kwa kuwa yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, ambazo majirani wote hugawana. Ukuta mmoja wa matofali ya saruji kwa kawaida hauzuii gigahezi 5 ikiwa umbali ni wa mita chache. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar au za Lamu, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ni habari nyingine kabisa, maana kuta zake ni nene mno na mlango uliofungwa hubadilisha matokeo. Mabati, kioo kikubwa cha kujitazamia na friji vilivyo katikati ya njia navyo huzuia mawimbi.

Usikisie nguvu ya mtandao kwa kuhesabu mistari inayoonekana kwenye simu. Chukua kompyuta mpakato, iweke pale ilipo runinga, funga mlango, kisha nakili faili la gigabaiti 1 kutoka kompyuta ya chumbani kupitia mtandao wa nyumbani. Likifika kwa dakika 3 au pungufu, mtandao unapitisha zaidi ya megabiti 40 kwa sekunde, kiasi kinachotosha na kuacha nafasi ya akiba. Akiba hiyo ni ya lazima, kwa sababu faili huvumilia mtandao unapoyumba kwa nusu sekunde, ilhali picha hukatika papo hapo.

Kuna kosa moja ambalo ningependa kila msomaji aliepuke, kwa kuwa kulirekebisha hakugharimu zaidi ya waya mfupi. Kompyuta na runinga zote mbili zikitumia Wi-Fi kupitia ruta, yaani kisanduku kinachosambaza mtandao nyumbani, kila kipande cha picha husafiri hewani mara mbili: kutoka kompyuta hadi kwenye ruta, kisha kutoka ruta hadi kwenye runinga. Ukiiunganisha kompyuta na ruta kwa waya wa mtandao, safari moja huondoka hewani na nafasi iliyobaki huongezeka takriban maradufu. Nimeona waya wa aina hiyo ukimaliza tatizo ambalo watu walikuwa tayari kulinunulia ruta mpya. Jambo jingine la kuondolea hofu ni kwamba picha inayosafiri ndani ya nyumba, kutoka kifaa hadi kifaa, haitumii bando la intaneti hata kidogo. Bando hutumika pale tu unapotazama kitu kinachotoka mtandaoni.

Njia ya kwanza ya kujaribu ni Miracast, utaratibu wa kurusha skrini ya kifaa kimoja kwenye kingine bila waya, uliozinduliwa na Wi-Fi Alliance, muungano wa kampuni unaosimamia viwango vya Wi-Fi, mwaka 2012, kwa kuwa umo tayari katika kompyuta nyingi za Windows na katika runinga nyingi za kisasa. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika netsh wlan show drivers, kisha uangalie mstari unaotaja skrini isiyo na waya (Wireless Display Supported). Ukikuta jibu la Yes, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi K, chagua jina la runinga, na uikubalie runinga ikiuliza. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P na uchague kama picha irudiwe, itandazwe au ionekane kwenye skrini ya pili peke yake. Ninapendekeza chaguo la mwisho kwa video, maana runinga hupata ukubwa wa picha unaoifaa yenyewe bila kulazimishwa kufuata skrini ya kompyuta. Kwa kawaida Miracast huunganisha vifaa viwili moja kwa moja, haihitaji intaneti wala ruta, na hiyo ndiyo nguvu yake. Udhaifu wake unatokana na sababu hiyohiyo: hakuna ruta ya kusaidia katikati, kwa hiyo chumba kinachofuata huwa ndio mwisho wa uwezo wake.

Chromecast, kifaa kidogo cha Google kinachochomekwa kwenye runinga, hupita njia tofauti. Hiyo hutumia ruta, na kivinjari cha Chrome kinaweza kuirushia kichupo kimoja au skrini nzima. Inafaa kwa video, lakini kuchelewa kwake ni kukubwa mno kwa kazi ya kuandika.

Kwa anayetaka kufanya kazi kweli akiwa sebuleni, ninapendelea programu mbili za bure, Sunshine na Moonlight. Zilikusudiwa michezo, na kwa hiyo waliozitengeneza walihangaika sana kupunguza kuchelewa. Sunshine huwekwa kwenye kompyuta ya chumbani, iwe ya Windows, Linux au macOS. Moonlight huwekwa kwenye kifaa cha sebuleni, ambacho kinaweza kuwa runinga ya Android, kisanduku cha Android cha bei ndogo, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, au kompyuta mpakato ya zamani iliyounganishwa na runinga kwa HDMI. Kompyuta mpakato ambayo betri yake imekufa inafaa sana hapa.

Ukishaiweka Sunshine, fungua kivinjari kwenye kompyuta hiyohiyo, nenda kwenye anwani https://localhost:47990, na utengeneze jina na nywila. Kivinjari kitatoa onyo la usalama kwa sababu cheti kimetengenezwa na kompyuta yako yenyewe. Katika anwani hiyo unaweza kuendelea bila wasiwasi. Fungua Moonlight sebuleni, chagua kompyuta itakayojitokeza, na utaona tarakimu nne ambazo utaziandika katika ukurasa wa PIN wa Sunshine. Kompyuta isipojitokeza, hakikisha vifaa vyote viwili vipo kwenye mtandao mmoja na kwamba Windows imeutambua mtandao huo kuwa wa binafsi, kwa sababu mtandao unaohesabiwa kuwa wa umma hufungiwa milango.

Usianze na picha kubwa. Weka nukta 1280 kwa 720 na megabiti 5 kwa sekunde, tazama kwa dakika kumi, kisha panda polepole hadi picha ianze kukatika, halafu urudi hatua moja. Moonlight inaweza kuonyesha takwimu juu ya picha, zikiwemo fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, zilizopotea njiani, na takwimu hizo ni mwongozo bora kuliko macho.

Kibodi na kipanya vichomekwe kwenye kifaa cha sebuleni na si kwenye kompyuta. Vile visivyo na waya kwa kawaida hufika mita 10 hivi mahali pa wazi na hupungua sana ukuta unapoingia kati, ilhali Moonlight hurudisha kila herufi chumbani kupitia mtandao uleule. Kompyuta isiyo na skrini yake yenyewe inaweza kukataa kutoa picha. Tiba yake ni plagi ndogo ya HDMI inayoifanya iamini kwamba skrini ipo.

Ukilazimika kununua kifaa cha kuchomeka nyuma ya runinga, kipe umeme kutoka kwenye chaja ya simu. Tundu la USB la runinga huenda likatoa nusu ampea tu, na kifaa kinachohitaji ampea 1 hujizima na kujiwasha bila sababu inayoonekana, mwenye nyumba akadhani mtandao ndio mbovu. Pia, umbali unaoandikwa kwenye boksi la vifaa vya kurusha HDMI hupimwa mahali pa wazi, kwa hiyo kabla ya kulipa kubaliana na muuzaji kwamba utakirudisha kikishindwa nyumbani kwako.

Ukuta ukikataa njia zote hizo, tafuta jozi ya vifaa vinavyopitisha HDMI ndani ya waya wa mtandao wa Cat6. Vya bei ya kati hufikisha picha ya nukta 1920 kwa 1080 hadi mita 30 au zaidi bila kuchelewa kunakoonekana, na waya huo mwembamba unaweza kupita juu ya dari au pembeni mwa fremu ya mlango.