Kabla hujanunua mausi nyingine, angalia haya kwanza

Mausi au kibodi yako isiyo na waya inakwama au inarukaruka? Haya ya haraka haraka kwanza. Betri: badilisha zote kwa pamoja, usichanganye mpya na ile uliyoichomoa kwenye rimoti. Swichi ya chini ya mausi hakikisha imewashwa, na usicheke, nimeshaitwa na mtu mzima na akili zake nikabonyeza hiyo swichi tu nikaondoka. Halafu kama kibodi iko poa ila mausi inarukaruka juu ya meza ya kioo, hapo mawimbi hayahusiki kabisa, ni lile jicho la chini linashindwa kusoma meza, tandika karatasi uone.

Ile mita 10 iliyoandikwa kwenye boksi ni ya sehemu ya wazi. Nyumbani kwako kuna kuta, kabati la chuma na wewe mwenyewe, maana mwili ni maji mengi na maji yanameza haya mawimbi. Sasa mtu ana kompyuta ya mezani kaiweka chini uvunguni, risiva, kile kidude kidogo cha USB kinachopokea mawimbi ya mausi, kaichomeka nyuma kabisa, yani mawimbi yapite bati lote la kesi, yapite na miguu yake, ndo yafike kwenye mausi. Hamishia poti ya mbele. Na kama unatumia Bluetooth ya kompyuta ya mezani, angalia kama vile viantena vilivyokuja na madabodi (ile bodi kuu ya ndani ya kompyuta) vimefungwa kule nyuma au bado vimelala kwenye boksi.

Sasa hili ndo lililonitesa mimi, lisome vizuri.

Kama wiki tatu hivi mausi yangu ilikuwa inakwama, mshale unaganda halafu unaruka kona nyingine ya skrini. Kibodi nayo ikaanza, herufi zinapotea, au kitufe nimeshakiachia yenyewe inaendelea tu, nikamjibu bosi "sawa" ikaenda "sawaaaaaaaaaa" kama namkejeli, na nilishabonyeza enta. Nikabadilisha betri. Nikafuta draiva nikaweka upya. Nikanunua mausi nyingine ya kampuni tofauti kabisa, siku mbili nzuri, ya tatu yale yale. Nikahamia kuilaumu waifai ya jirani. Mpaka mdogo wangu, ambaye wala hapendi mambo ya kompyuta, amekaa pembeni ananiangalia nikihangaika, akasema "mbona inasumbua ukichomeka hicho kidude tu?" Kidude chenyewe ni eksteno, yani diski ya nje, kilikuwa kinakopi picha, taa inawaka inazima, kimechomekwa poti inayofuatana na risiva. Nikakichomoa. Mausi ikateleza kama haijawahi kuumwa.

Iko hivi. Risiva nyingi za mausi na kibodi, Bluetooth, na waifai nyingi, vyote vinatumia 2.4 GHz. USB 3, zile poti ambazo mara nyingi ndani zina plastiki ya bluu, inasukuma data kwa 5 Gbps, na ikifanya kazi inamwaga kelele za redio kuanzia kwenye poti, waya, hadi kifaa chenyewe, na kelele hizo zinaangukia hapo hapo kwenye 2.4. Intel walishaliandikia hili tangu 2012, mimi nikaja kulijua baada ya kununua mausi ambayo sikuihitaji. Ndo maana shida inakuja na kuondoka, diski ikitulia mausi nayo inatulia, unabaki unadhani umerogwa.

Dawa yake ni waya wa kurefusha USB, mita moja tu inatosha, risiva inahamia juu ya meza karibu na mkono wako na eksteno inakaa upande wa pili. Chukua wa USB 2, risiva haihitaji zaidi ya hapo. Unataka kutumia kibodi ukiwa kwenye kochi mbali na kompyuta? Ni waya huo huo ila mwisho mita 5, zaidi ya hapo tafuta ule wenye kikuza ishara ndani. Na hizi habu za laptopu zenye matundu mengi zina ugonjwa ule ule, usichomeke risiva humo ikabanana na flashi ya USB 3.

Waifai: laptopu na simu zihamishie 5 GHz kama ruta yako inayo. Ukilazimika kubaki 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, na ruta isikae pua kwa pua na risiva. Bluetooth ina afadhali kidogo kwa sababu inarukaruka chaneli na kukwepa zenye msongamano, ila isikudanganye, karibu na maikrowevu inayopasha chakula nayo inakohoa.

Ukiona mausi inachelewa kuamka tu baada ya kuiacha muda, hapo huenda ni Windows inabania umeme, ingia Device Manager uondoe tiki ya kuiruhusu kompyuta izime USB.

Mengine ni akili ya kawaida, usifungue mausi kutafuta antena, usizungushie risiva karatasi ya foili eti inavuta mawimbi, inayaziba, na ukiichomoa irudishe kwenye kile kishimo chake ndani ya mausi, sio mfuko wa suruali, maana kuna mausi ambazo risiva yake ikipotea haziungani na risiva mbadala na suruali huwa inafuliwa.