Namna ya Kuisoma Picha ya Hans Holbein: Wafalme, Wanazuoni na Mabalozi wa Karne ya 16

Anayetaka kuifahamu Ulaya ya karne ya 16 aghalabu hukabidhiwa orodha ya majina, Mfalme Henry VIII wa Uingereza, mwanazuoni Erasmus, na Thomas More na Thomas Cromwell waliomtumikia mfalme huyo, na kutakiwa ayakariri pamoja na tarehe zake. Ipo njia yenye manufaa zaidi, nayo ni kumfuata mchoraji mmoja aliyewachora wote hao wakiwa hai: Hans Holbein, mzaliwa wa Augsburg, aliyefanya kazi Basel kisha akahamia Uingereza, ambako alifariki mwaka 1543. Picha zake nyingi zinapatikana bure katika tovuti za makumbusho zinazozihifadhi, tena kwa ubora unaoruhusu kukuza hata herufi ndogo. Kinachohitajika ni kujua pa kuanzia.

Usianze na uso. Anza na mwaka, kisha uliza ni nani aliyeagiza kazi hiyo na alikuwa na haja gani wakati ule, kwa sababu picha ya mtu mkubwa katika enzi hiyo ilikuwa kazi ya malipo yenye kusudi: kutangaza cheo, kutafuta mchumba au kuimarisha kiti cha enzi. Msomaji anayeruka hatua hii huishia kusifu mavazi tu.

Chukua picha ya mabalozi wawili iliyopo National Gallery jijini London, yenye upana na kimo cha zaidi ya mita mbili kila upande, iliyochorwa kwa rangi za mafuta juu ya mbao za mwaloni. Mwaka ni 1533. Aliyeiagiza ni Jean de Dinteville, balozi wa Mfalme Francis I wa Ufaransa katika ikulu ya Henry VIII, ambaye ndiye anayesimama upande wa kushoto. Kulia ni rafiki yake Georges de Selve, aliyekuwa ameteuliwa kuwa askofu wa Lavaur. Sasa tazama mwaka huo ulikuwa na nini: mwezi Mei ndoa ya Henry na mkewe wa kwanza, Catherine wa Aragon, ilitangazwa kuwa batili bila idhini ya Papa, tarehe 1 Juni mkewe mpya, Anne Boleyn, akavishwa taji, na mwezi Septemba akamzaa Elizabeth. Mabalozi hawa walikuwa London wakati Uingereza inaachana na Kanisa la Roma, na wajibu wao ulikuwa kulinda urafiki wa wafalme wawili katikati ya tufani hiyo. Bila kulijua hili, picha hubaki kuwa vijana wawili waliovaa vizuri.

Baada ya hapo shuka kwenye vitu, ukivipitia rafu kwa rafu. Rafu ya juu, iliyotandikwa zulia la Kituruki, ina tufe la nyota, saa za jua na vyombo vya kupimia anga, vingine vikifanana na vile alivyoshika Nicolaus Kratzer, mtaalamu wa nyota wa Henry, katika picha ambayo Holbein alimchora mwaka 1528. Rafu ya chini ina mambo ya duniani: tufe la dunia, kitabu cha hesabu za wafanyabiashara cha Peter Apian kilichofunguliwa kwenye ukurasa wa kugawanya, filimbi, kitabu cha nyimbo za Kilutheri, yaani za wafuasi wa Martin Luther aliyejitenga na Kanisa la Roma, na luti, ndugu wa udi tunaoufahamu katika taarab. Kuza picha kwenye luti hiyo na utaona uzi mmoja umekatika. Wataalamu wengi huuona uzi huo kuwa ishara ya mfarakano, na mimi naona wana haki, kwa kuwa umewekwa kando kabisa ya nyimbo za Luther zilizoandikwa kwa uangalifu kiasi kwamba zinaweza kusomeka noti kwa noti.

Usilipite tufe la dunia haraka. Juu yake kuna mstari uliogawa bahari na nchi kati ya Hispania na Ureno kufuatia mkataba wa Tordesillas wa mwaka 1494. Kwa msomaji wa pwani yetu mstari huo si pambo: ulikuwa sehemu ya madai ambayo Wareno walikuja nayo walipoziteka Kilwa na Mombasa mwaka 1505, miaka 28 kabla ya picha hii.

Kinachofuata ni kubadili mahali pa kutazamia. Miguuni pa mabalozi kuna umbo refu la kijivu lisiloeleweka. Sogeza jicho karibu sana na ukingo wa kulia wa picha, au wa skrini, ufumbe jicho jingine, kisha tazama sambamba na uso wake. Umbo litajikusanya na kuwa fuvu la binadamu. Ukiwa hapo tafuta pia pembe ya juu kushoto, ambapo nyuma ya pazia la kijani sanamu ya Kristo msalabani inaonekana nusu. Holbein ameweka mauti na wokovu mahali ambapo mtazamaji mwenye haraka hafiki, na elimu yote ya rafu zile mbili imesimama kati yao.

Ukishazoea utaratibu huu, linganisha. Katika makumbusho ya Frick Collection ya New York wamo Thomas More, aliyechorwa mwaka 1527 akiwa na mkufu wa dhahabu wa utumishi wa mfalme na ndevu chipukizi kidevuni, na Thomas Cromwell, ambaye karatasi iliyo mezani pake inamtaja kwa cheo chake cha msimamizi wa hazina ya vito vya mfalme. Soma cheo kwanza, kisha tafuta mwisho wa mwenye cheo: More alikatwa kichwa mwaka 1535, Cromwell mwaka 1540, wote kwa amri ya bwana waliyemtumikia.

Bwana huyo mtazame katika mchoro wa maandalizi uliopo National Portrait Gallery, London, uliotengenezwa kwa ajili ya picha ya ukutani ya mwaka 1537 katika kasri la Whitehall. Ukuta wenyewe uliteketea kwa moto mwaka 1698, lakini nakala zake zipo. Weka mchoro na nakala ubavu kwa ubavu: katika mchoro Henry amegeuza uso kidogo pembeni, ilhali katika nakala anamkabili mtazamaji moja kwa moja, miguu imetanuka, mabega yamejaza nafasi. Kati ya hatua hizo mbili kuna uamuzi uliofanywa na mtu, na kazi yako ni kuuliza ulimfaa nani.